Mikono Iliyopelekwa Baharini Kupumzika

Mikono yangu ilistaafu kabla yangu, nami nikaifuata nikiwa na hasira. Naandika haya kwa nyinyi wasichana mnaokanda wazazi siku hizi hapa Mji wa Kale wa Mombasa, nyinyi mnaobeba mafuta kwenye vibegi vya zipu na kumuuliza mama wa watu "Wasikiaje?" kila mkono ukipanda na kushuka. Bei sitaziandika. Majina ya nyumba kubwa nilizoingia sitayaandika pia, maana mwanamke akishavua nguo na kulala kwenye mkeka hana ukubwa. Mimi nimesoma chuo cha Kurani, na skuli nikaishia darasa la nne, basi mwenye kalamu nyekundu aiweke kando.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe: kwetu mwanamke akizaa, mzazi tunamwita, hukaa ndani arubaini nzima, siku arubaini kamili. Hapiki, hafui, hatoki. Mkandaji humjia asubuhi, akamkanda kwa kitambaa kilichochovywa maji ya moto, akamsinga kwa mafuta ya simsim, akamfunga tumbo kwa mkaja, kile kitambaa kirefu cha kuzungushwa kiunoni, kisha akamnywesha uji wa pilipili manga mpaka jasho limtoke. Ndiyo kazi niliyoifanya tangu nikiwa na mtoto mmoja kiunoni na babake ameshatokomea, mpaka nikawa nyanya wa watu.

Aliyenifundisha ni Bi Mishi. Mwembamba, sauti kama bawaba isiyotiwa mafuta, na mikono ambayo ukiiona utasema ni ya mtu mwingine aliyoazima. Nyumba ya kwanza aliyonipeleka ilikuwa Kibokoni, ghorofani, ngazi nyembamba hata ukipishana na mtu huna budi kuwa ndugu yake. Chumba kilijaa wanawake, wote wamemzunguka mtoto kama wananunua samaki. Nami nikajipenyeza. "Mashallah, pua hii ya nani?" nikauliza. Bi Mishi akanichapa kwa kitambaa cha moto nyuma ya kiganja.

"Wee, umekuja kuona mtoto au umekuja kazini?"

"Nimekuja kazini, Bi Mishi."

"Basi mtoto ana watu. Geuka huku."

Huku alikuwa mama mtu. Amelala anatazama ukuta, midomo imemkauka, na kati ya wanawake wote wale hakuna aliyemuuliza kama amekunywa maji. Tangu siku ile ndivyo nilivyofanya kazi. Naingia, natoa salamu, naenda moja kwa moja kwa mama. Watoto wa mji huu nusu yao nawajua kwa kilio kilichokuwa kinapigwa nyuma ya mgongo wangu. Sura zao nilikuja kuziona wakishakuwa na masharubu, wananiuzia nyanya sokoni.

Vyombo ni vichache. Sufuria ya maji, nzito, ishike moto. Kitambaa cha merikani, si taulo. Taulo hunywa maji yote likampa mzazi unyevu mtupu. Mafuta ya simsim, uyapime ndani ya kiwiko kabla hujamtia mtu. Na mkaja. Wangu ulikuwa wa Bi Mishi, naye alipewa na mtu, umefuliwa mpaka umekuwa laini kama sikio. Na masikio yenyewe ni chombo pia. Maji yakiwa na moto, mkandaji hukamua kitambaa haraka, maana yanamchoma. Ukisikia mtu anakamua polepole, kwa starehe zake, jua maji yamepoa na mzazi analala na baridi. Bi Mishi alikuwa akinigombeza akiwa jikoni, mimi niko chumbani. "Maji hayo!" Nilidhani ana jini.

Tena aliyepasuliwa tumbo msimguse tumbo mpaka daktari aseme. Kandeni miguu, kandeni mabega, basi. Hilo Bi Mishi hakulijua. Nilifundishwa na nesi mmoja, mdogo kuliko binti yangu, nikamtukana kimoyomoyo, halafu nikaona kwamba yuko sawa.

Mzazi wangu mgumu kuliko wote alikuwa Sakinabai. Sasa ni bibi mwenye miwani na wana watatu, lakini wakati ule alikuwa bibi harusi wa jana, Mhindi wa Kibohora, mumewe na wazee wake wana duka la misumari na makufuli karibu na Makadara. Mimi bado nilikuwa najifunza. Tuliitwa tukaja na sufuria yetu, kumbe mtoto ametoka hana roho. Mama mkwe akatupokea mlangoni. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechanganyikiwa. "Rudini tu," akasema, "hakuna mtoto, hakuna arubaini." Bi Mishi akavua viatu. "Mimi sikuitwa na mtoto," akasema, akapita.

Sakinabai alikuwa amejikunja kama mkono wa shati. Hataki kuguswa, hataki uji, hataki kuambiwa pole. Maziwa yanamtoka na hayana pa kwenda. Bi Mishi akamwanza miguuni bila neno, mimi nikawa nachovya na kukamua. Tukarudi kesho yake na kesho yake. Alikuwa akitutukana kwa Kigujarati, na Bi Mishi akimjibu kwa Kimvita, kila mmoja hamwelewi mwenziwe na wote wawili wametosheka. Katikati ya arubaini Bi Mishi akashikwa na homa, akaniachia nimalize peke yangu. Nikamaliza. Siku ya mwisho Sakinabai akaniuliza jina langu. Ndiyo urafiki wetu ulivyoanza, na tangu hapo tumekuwa tukiandamana na kugombana.

Nami nikafundisha wengine. Baadhi yao mumo humu mnanisoma. Mwanaisha wa Buxton, wewe nitakutaja kwa jina, kwa sababu nilikusema mbele ya watu na watu wakacheka. Mikono ya Mwanaisha ilikuwa ya kusukuma chapati. Wazazi walikuwa wakitoka chini yake wanahesabu mbavu. Nikamwambia jikoni kwa mtu, wanawake wamejaa, "Mwanaisha, wewe kanda unga, unga haulii." Akafunga kanga yake akatoka. Akaendelea na kazi peke yake upande wa kule, nami nikasikia kwamba anaitwa, tena na tena. Sikuuliza zaidi.

Halafu vidole vikaanza. Kwanza asubuhi tu, nikiamka vimejifunga kama ngumi ya mtoto, nikivimwagia maji ya moto vinafunguka. Baadaye vikawa vinajifunga kazini, katikati ya paja la mtu. Daktari akasema mishipa imebanwa, niache. Nikaacha. Nyumba zote nikaziacha isipokuwa moja niliyokuwa nimeiweka, na hiyo kila mtu kuanzia Makadara mpaka Feri alikuwa anaijua, maana nilikuwa naitangaza mwenyewe. Mjukuu wangu Nuru alikuwa na mimba yake ya kwanza. Nuru nimemlea mimi. Amesoma mpaka masomo yakamwambia inatosha, anafundisha hesabu, na kwa uzuri sitasema kitu, muulizeni mtu mwingine. Nuru atakandwa na mkono wa nyanyake. Nilisema hivyo harusini, matangani, dukani kwa mwenye bamia.

Daktari akasema labda, nikiipumzisha mikono hasa. Mimi kupumzika nyumbani siwezi. Nikikaa naona vumbi. Ndipo wanawe Sakinabai walipomkatia mama yao safari ya meli kubwa ile ya watalii, itokayo Kilindini mpaka visiwa vya Shelisheli na mbele yake halafu irudi, na yeye akakataa kwenda bila mtu wa kuzungumza naye Kiswahili.

"Nenda, Nyanya," Nuru akaniambia. "Utarudi kabla sijajifungua. Pumzisha mikono uje unikande."

"Na ukitangulia kuzaa?"

"Nitabana miguu."

Mwalimu wa hesabu huyo. Nikaenda.

Sasa niwaambie kuhusu meli, kwa sababu wengi mumeniuliza na nimekuwa nikijibu "nzuri" ili mniondokee. Meli ile ina lifti. Ina bwawa la kuogelea, liko juu ya bahari, jambo ambalo mpaka leo halijaniingia akilini. Chakula hakina mwisho, ila sisi tulikula samaki na mayai na matunda, kwa sababu kila tulipouliza nyama hii imechinjwa na nani, mhudumu alikuwa akienda kuuliza na harudi. Bahari yenyewe, siku ya kwanza ni kitu cha kutazama. Siku ya pili ni ukuta wa buluu.

Kulipokucha siku hiyo ya pili tukapanda juu. Nikakuta safu za viti virefu, na juu yake wazee wa kizungu wamelala, wamefunikwa mataulo mpaka kidevuni, macho wamefunga, na vijana wanapita wakiwapa supu vikombeni.

"Sakinabai, hawa wote ni wagonjwa?"

"Are, wagonjwa wapi! Wamestaafu."

"Ndiyo walale mchana kutwa?"

"Wamelipia kulala. Nawe lala, usinitie aibu."

Nikalala. Mhudumu, msichana wa Kifilipino mwenye vishimo mashavuni, akanifunika taulo na kunipa supu. Nikatazama huku na huku. Watu wamefunikwa, wanalishwa, wanaambiwa wasifanye kitu. Meli nzima ilikuwa nyumba ya arubaini, ila hakuna aliyezaa.

Nami nikagundua kwamba kazi ile niliyowalazimisha wanawake wa mji mzima siiwezi. Nilikuwa nikiwaambia, "Lala, nani amekwambia uinuke? Huna kazi hapa." Mmoja aliwahi kuniuliza, "Na wewe, Bi Zuhura, ulilala lini?" nikamwambia anywe uji. Melini nikakunja mataulo yangu na ya Sakinabai. Yakaisha, nikakunja ya jirani. Msichana wa Kifilipino akawa ananipokonya kwa tabasamu, nami namsubiri ageuke. Sakinabai akasema nikikemewa na mtu mwingine wa meli kwa sababu ya taulo, yeye hanijui, sisi tumekutana kwenye lifti.

Jirani yetu wa viti alikuwa bibi mmoja wa kizungu, mnene, mcheshi, kila asubuhi akituambia "Jambo" na kungoja tushangae. Miguu yake ilikuwa imevimba. Nilikuwa naiona, imetoka nje ya taulo, siku baada ya siku. Nyinyi mnajua. Mguu kama ule ukikaa mbele yako hulali. Mikono yangu ilikuwa imepumzika tangu Mombasa, naisikia nyepesi, vidole vinafunguka asubuhi bila maji. Nikasema moyoni, hapa ndipo pa kujua. Nikamwambia Sakinabai amuulize.

"Nimuulize nini? Kwamba dobi wa mataulo anataka miguu yake?"

Lakini akamuuliza, na yule bibi akacheka akainua mguu. Nikaketi chini, nikauweka mapajani. Nikaanza kisigino, nikapanda, nikashuka. Akafumba macho. Nikamwona anateremka ule mteremko wa mtu aliyeshikwa vizuri, mdomo unaachia, shingo inalegea. Nilifurahi, sitaficha. Nikafika vidoleni, nikashika kidole gumba, na mkono wangu ukajifunga.

Haukuuma. Ulifunga tu, kama makufuli ya duka la Sakinabai. Nikavuta. Yule bibi akafungua jicho moja. Nikavuta tena, akafungua la pili, akavuta mguu wake, nami nikaenda nao. Akapiga ukelele. Wazee wakaketi vitini mmoja mmoja, supu zikamwagika, akaja mwanamume mwenye simu ya upepo anasema nayo huku ananitazama. Ikabidi msichana wa Kifilipino apige magoti afungue vidole vyangu kimoja kimoja, taratibu, kama anamvua mtoto vifungo.

Yule bibi hakuwa na kinyongo. Jioni aliniletea sahani ya mananasi. Sakinabai alicheka mpaka miwani ikamwanguka, akaiokota, akacheka tena, akamwigiza mzungu, akaniigiza mimi. Kisha akavaa miwani.

"Zuhura."

"Nini?"

"Nuru utamkanda kwa mkono gani?"

"Utapona."

"Mguu mmoja tu ule. Nuru ni arubaini."

Nikamwambia atazame bahari yake.

Siku zikaenda. Bandari tulizofika tulishuka, tukanunua vitu visivyo na maana, tukapanda. Wakati mwingi ilikuwa maji na viti. Nililala kwenye kiti changu nikafanya hesabu ambayo haikuhitaji mwalimu. Nikimkanda Nuru, mkono utajifunga. Utajifunga wapi? Juu ya tumbo la mtu mwenye damu changa, nami sitaweza kuuachia. Nisipomkanda, basi nimetangaza uwongo mji mzima. Nilikuwa nalipinda hilo la pili kila upande nione kama litafanana na la kwanza kwa uzito. Halikufanana. Lakini nilihitaji bahari yote ile kulitazama.

Siku moja, tumekwishageuza kurudi, nikamwambia Sakinabai, "Waliobaki mikono yao mizito. Mwanaisha ndiye afadhali, na Mwanaisha mzito."

Akavua miwani akaifuta. "Na wako?"

"Wangu ulikuwa mwepesi. Uliza mtu yeyote."

"Niulize mimi. Arubaini yangu, Bi Mishi alipougua, ulinikanda wewe. Ulikuwa mbaya, Zuhura."

"Nilikuwa mzuri."

"Mbaya! Mzito kama gunia la misumari. Nilikuwa nikisikia mlango nabana meno."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema ungeacha kuja."

Akavaa miwani yake akarudi kwenye gazeti lake la picha. Mimi nikabaki na ukuta wa buluu. Arubaini hiyo nimekuwa nikiwahadithia nyinyi kama mfano wa mkono mzuri, mnakumbuka. Sasa mmejua.

Tulipofika, nilipumzika siku mbili, kisha nikachukua mkaja kutoka sandukuni, nikaufunga kwenye leso, nikaenda Buxton. Mwanaisha alifungua mlango, akaniona, akashika kanga yake kama mtu anayejiandaa na mvua.

"Salaam aleikum, Mwanaisha."

"Aleikum salaam, Bi Zuhura. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Nuru amekaribia. Nataka umkande."

Akanitazama mikono. Wote mnanitazama mikono siku hizi. "Mimi si mkono wangu mzito? Si nikande unga?"

"Mzito. Wako utaupunguza. Wangu hauongezeki nguvu tena."

Nikampa leso, akaifungua, akaujua mkaja ule kabla haujatoka wote. Hakusema asante, akasema, "Karibu chai," na mimi nikanywa chai, ilikuwa na sukari nyingi sana, na hilo sikulisema pia.

Nuru alijifungua hospitalini, salama, hakupasuliwa, na daktari akaridhia akandwe taratibu. Nilipomwambia kwamba atakuja Mwanaisha, alishika mkono wangu wa kulia akaukunjua mwenyewe. "Nilijua, Nyanya. Nilikuwa nangoja useme." Kumbe mtu huweza kusoma hesabu za wengine.

Asubuhi ya kwanza ya kukandwa nyumba ya Nuru ilijaa. Nikapanda ngazi, nikatoa salamu, miguu ikanipeleka moja kwa moja kwa mama, kama inavyojua. Nuru amelala kwenye mkeka. Mwanaisha amepiga magoti, sufuria iko upande wake wa kulia, merikani mkononi, mkaja umekunjwa pembeni. Nafasi yangu ilikuwa na mtu. Nikasimama hapo katikati ya chumba, mikono mikavu, sina pa kuiweka.

"Nyanya," Nuru akasema kutoka chini, "mtoto yuko kule."

Nikageuka. Wanawake wakanipisha, wakaniketisha kwenye kiti cha wageni, wakaniwekea mtoto mapajani. Miaka yote hii sikuwahi kuketi kwenye kiti kile. Ni msichana. Alikuwa na sura iliyokunjamana, mbaya kidogo, kama watoto wote wa siku ya tatu. Kichwani ana nywele kama mtu aliyetoka safari. Aliniangalia na mimi nikamwangalia, hatuna haraka wala mmoja. Pua ni yangu, na atakayebisha aje nyumbani.

Nyuma ya mgongo wangu nikamsikia Mwanaisha anachovya, anakamua, anaweka. Anachovya, anakamua, anaweka. Kukamua kulikuwa kwa haraka, kisha kukawa kwa wastani, kisha nikasikia kunakuwa kwa polepole. Ulimi ukapanda mpaka kwenye meno. Mtoto akapiga mwayo.

"Jamani," akaita Mwanaisha, "nileteeni maji mengine ya moto."

Mimi sikugeuka.